Kununua mashine ya spindo iliyotumika: maswali ambayo maseremala wenzangu huniuliza mara kwa mara

Nina karakana ya milango, fremu na skatingi (mbao za chini ya kuta) Dar es Salaam, na spindo zote nilizowahi kumiliki ni za mtumba. Ya kwanza ilinipa hasara, mbili zilizofuata zinanilisha mpaka leo. Fundi akitaka kununua yake hunipigia simu, na maswali huwa yaleyale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu, marefu pale penye hatari ya kupoteza fedha au vidole.

Spindo ndiyo mashine gani hasa? Wengine wanaiita mashine ya maua.

Ni meza ya chuma cha kalibu yenye shafti iliyosimama wima katikati, inayozungushwa na mota iliyo chini kwa mkanda. Juu ya shafti unafunga kichwa chenye visu vilivyonolewa kwa umbo unalotaka. Ubao unapita kando ya fensi (kizuizi kinachouongoza), visu vinaula, unatoka na ua lake, yaani umbo hilo: skatingi, kona ya dari, fremu ya mlango yenye ngazi, mfereji wa kioo, ulimi wa mbao za dari.

Usiichanganye na molda ya pande nne. Hiyo ni mashine ndefu yenye vichwa vinne, vitano au zaidi: cha chini, cha kulia, cha kushoto na cha juu. Unaingiza ubao uliopasuliwa tu upande mmoja, unatoka upande wa pili umerandwa pande zote na ua limeshapigwa.

Kwa karakana yangu ninunue ipi kati ya hizo mbili?

Jiulize unatoa mita ngapi za ua la aina moja kwa wiki. Anayetengeneza milango ya oda, leo ua hili kesho lile, anahitaji spindo. Kuipanga upya kunachukua dakika chache ukishaizoea. Molda ya pande nne inataka muda mrefu wa kupangwa, inataka visu seti kwa seti, na mota zake zikijumlishwa hufika kilowati 25 hadi 40. Inamfaa anayetoa mbao za dari au za sakafu kwa maelfu ya mita, kama wenye viwanda vya Mafinga wanaopata paini ya Sao Hill jirani.

Nimeona wenzetu wawili wakinunua molda kubwa kwa sababu ilipatikana kwa bei nzuri. Moja imefunikwa turubai mwaka wa tatu sasa, kwa kuwa umeme wa eneo lile hauiwezi. Unafuu wa bei hauna maana kama mashine hailingani na kazi uliyonayo.

Ruta ya mkono, ile mashine ndogo ya kuchonga kingo, haitoshi?

Kwa ua dogo kwenye ukingo wa meza, inatosha. Kwa nyumba nzima yenye mita 120 za skatingi ya mninga, utaunguza visu, utaunguza ruta, na mkono wako utakufa ganzi. Spindo yenye mota ya kilowati 4 inalipiga ua lote kwa mpito mmoja, na ubao unatoka bila mawimbi.

Kwa nini ninunue ya mtumba wakati mpya za bei nafuu zipo madukani?

Mimi napendelea ya zamani iliyo nzito. Uzito ndio unaomeza mtetemo. Spindo ya Kiingereza au ya Kijerumani ya miaka ya 1970 ina meza nene na mwili wa chuma cha kalibu; ukiweka sarafu imesimama juu ya meza na mashine inazunguka, sarafu haianguki. Nyingi ya zile mpya za bei ya chini zina mwili wa bati lililokunjwa, na mtetemo wake unauona kwenye ubao. Ila mpya ina jambo moja zuri: hakuna aliyeiharibu kabla yako. Mtumba unataka macho, na sehemu kubwa ya ukurasa huu ni kuhusu hayo macho.

Majina gani ya kutafuta?

Wadkin ya Leicester, Uingereza, kampuni iliyoanza mwaka 1897. Mashine zake bado zinafanya kazi katika karakana nyingi za zamani. Sedgwick ya Leeds. SCM ya Rimini, Italia, na ndugu zake wa Kiitalia kama Casadei na Griggio. Martin ya Ottobeuren, Ujerumani, ghali lakini hutaijutia. Robland ya Ubelgiji na Felder ya Austria. Kwa molda za pande nne jina la kwanza ni Weinig ya Tauberbischofsheim, Ujerumani.

Jina lakini halizungushi shafti. Martin iliyopigwa na forklifti ni mbaya kuliko mashine isiyo na jina iliyotunzwa.

Nitajuaje umri wake?

Anza na kibati cha mtengenezaji, kwa kawaida kipo ubavuni au nyuma. Kikiwa kimeng'olewa, uliza kwa nini. Alama ya CE nayo inasaidia: Ulaya iliifanya ya lazima kwa mashine mpya kuanzia Januari 1995, hivyo mashine ya Ulaya isiyo nayo huenda ilitengenezwa kabla ya hapo. Mashine za baada ya alama hiyo kwa kawaida zina breki ya shafti na swichi ya dharura, vitu ambavyo kwenye za zamani utalazimika kuviongeza.

Umeme: nitazame nini kwenye kibati cha mota?

Hapa ndipo watu wanapounguza mota siku ya kwanza, kwa hiyo soma taratibu.

Umeme wetu wa njia tatu ni volti 400, hezi 50. Kibati kikisema 230/400, mota hiyo inafungwa kwa mtindo wa nyota kwenye umeme wetu (nyota na pembetatu ni namna mbili za kuunganisha nyaya za mota). Kikisema 400/690, inafungwa kwa pembetatu. Fundi umeme akikosea ile ya 230/400 akaifunga pembetatu, inaungua dakika hizohizo. Za zamani zimeandikwa 220/380. Hizo pia fundi anazifunga kwa nyota.

Mashine za Japani huwa na bei ya kuvutia sana, lakini umeme wa viwandani kule ni volti 200. Ukiichomeka kwenye 400 umeiua. Inahitaji transfoma, na bei ya transfoma uiingize kwenye hesabu kabla ya kufurahia.

Za Marekani ni hezi 60. Mota iliyoandikwa volti 460 hezi 60 hukubali umeme wetu wa 400 kwa hezi 50 bila shida kubwa, ila mzunguko unashuka kwa moja ya sita: shafti iliyokuwa ikienda mizunguko 6,000 kwa dakika itakwenda 5,000. Unaweza kurekebisha kwa kubadilisha puli.

Mtaani kwetu kuna umeme wa njia moja tu. Nifanyeje?

Kama mota ni ndogo, hadi kama kilowati 2.2, kuna kifaa kinachoitwa invata. Kinapokea umeme wa njia moja wa volti 230 na kutoa njia tatu za volti 230. Mota yako lazima iwe ile ya 230/400, na safari hii ndiyo inafungwa pembetatu. Kwa mota kubwa zaidi, omba TANESCO wakuletee njia tatu, na uombe kabla ya kununua mashine. Mota ya kilowati 5.5 inakula kama ampea 11 ikiwa inafanya kazi, lakini inapoanza inavuta mara sita au saba ya hapo kama imewashwa moja kwa moja. Ndiyo maana nyingi za 400/690 huwashwa kwa swichi ya nyota kwanza, kisha pembetatu.

Nikifika kwa muuzaji nianze kukagua wapi?

Kwenye shafti, rangi iache kabisa. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa imepigwa rangi ya kijani inayong'aa, na muuzaji alikuwa amepaka grisi mpya kila mahali hata iking'ara kama kiatu cha askari. Niliiwasha pale, ikazunguka bila kisu chochote, nikaridhika. Nilipofika karakana nikafunga kichwa cha visu na kupitisha fremu ya mninga, ubao ukatoka na mawimbi ambayo unaweza kuyahesabu kwa ukucha. Shafti ilikuwa imepinda. Muuzaji hakupokea simu tena.

Tangu siku ile hufanya hivi. Nazima umeme kwenye breka kuu, siyo kwenye swichi tu. Nautoa mkanda kwenye puli ili shafti iwe huru. Naizungusha kwa vidole viwili polepole. Inatakiwa iteleze kimya kama maji. Ukihisi vijiwe, au inakwama mahali palepale kila mzunguko, beringi zimekufa. Kisha naishika shafti juu kwa mkono na kuisukuma mbele na nyuma, halafu kuivuta juu na kuisukuma chini. Nikisikia "tak" hata kidogo, beringi zimelegea, au kiti cha beringi kimelika, na hilo la pili ndilo baya.

Halafu natoa geji ya saa, ile yenye mshale inayosoma sehemu za mia za milimita, naisimamisha mezani kwa sumaku, ncha yake ikigusa shafti karibu na juu. Nazungusha taratibu. Mshale ukicheza mm 0.02 au 0.03, nanunua. Ukifika 0.05 naanza kuuliza maswali. Zaidi ya hapo naondoka, au nakata bei kwa gharama ya shafti nzima, siyo ya beringi. Geji yenyewe siyo ghali, na ukikosa ya kwako, fundi wa kukereza vyuma anakuazima. Usiende bila hiyo.

Baada ya hapo rudisha mkanda, iache izunguke nusu saa. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi na mpini wake sikioni: mlio wa sawasawa ni mzuri, mlio wa kusaga kokoto ni mbaya. Ukishaizima, gusa nyumba ya beringi. Joto la kikombe cha chai ni sawa. Ikikuunguza mpaka ukaondoa mkono, kuna tatizo.

Beringi zikiwa zimekufa, niiache mashine?

Hapana, kama shafti na viti vyake ni vizima. Beringi ni kitu cha kubadilisha. Namba yake ipo ubavuni, na tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata tundu: 6206 ni tundu la mm 30, 6208 ni mm 40. Zinapatikana Gerezani na Kariakoo, lakini bandia ni nyingi. Beringi ya kasi kubwa nunua kwa wakala anayekupa risiti. Kwenye shafti inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, beringi bandia inaanza kulia ndani ya wiki chache. Na waambie wasizipige nyundo wakati wa kufunga. Zinaingia kwa presi, au kwa kupashwa moto.

Mbali na shafti, nini kingine?

Meza. Laza rula ya chuma iliyonyooka juu yake, kona kwa kona, na jaribu kupitisha karatasi ya kawaida ya fotokopi chini ya rula. Karatasi hiyo ina unene wa kama mm 0.1. Ikipita kwa kujiachia katikati ya meza, meza imebonyea. Angalia pia nyufa na alama za kuchomelea. Chuma cha kalibu kilichochomelewa kiholela kitapasuka tena.

Zungusha gurudumu la kupandisha shafti kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa. Wengi hufanya kazi katika urefu mmoja miaka yote, nyuzi zinalika pale tu; ukikagua hapohapo hutagundua. Kisha ifunge na jaribu kuusukuma mfumo wote kwa mkono. Haitakiwi kujongea.

Fensi mbili ziwe kwenye mstari mmoja na ziweze kurekebishwa kila moja peke yake. Puli na mkanda unaviona kwa macho. Ringi za shafti, zile vipande vya kujazia juu na chini ya kichwa, zihesabu. Zikikosekana utazichongesha kwa fundi wa kukereza vyuma, na zinatakiwa ziwe sambamba kabisa.

Muuzaji anasema pale alipo hakuna umeme wa kuijaribia. Nimwamini?

Mwambie utalipia jenereta, au mkubaliane ihamishiwe penye umeme kabla ya fedha kutoka mkononi mwako. Akikataa yote mawili, basi unanunua chuma chakavu, na ulipe bei ya chuma chakavu.

Na ukienda kujaribu, beba ubao wako mwenyewe. Mimi hubeba kipande cha mkongo au mninga cha mita moja na nusu, kilichonyooka, pamoja na kichwa changu cha visu. Muuzaji atakupa paini laini ambayo hata mashine mbovu inaipitisha.

Visu huja na mashine? Na visu vyangu vitaingia?

Uliza kipenyo cha shafti kwanza. Za Ulaya nyingi ni mm 30. Za Uingereza na Marekani mara nyingi ni inchi moja na robo, yaani mm 31.75, za Ufaransa nyingi ni mm 50. Tofauti ya mm 30 na 31.75 haionekani kwa macho, na kuna watu wanaizungushia bati kichwa cha tundu kubwa ili kikae. Tafadhali usifanye hivyo. Kichwa kisichokaa katikati kwa kasi ile kinaweza kufunguka, na kipande cha chuma kitatoka pale kama risasi.

Vichwa salama kwa spindo ya kulisha kwa mkono vina alama MAN. Maana yake vimetengenezwa kwa umbo la duara, na kisu hakitokezi zaidi ya mm 1.1 mbele ya kizuizi chake, hivyo kikikamata kidole kinakata kidogo badala ya kukivuta chote. Vile vichwa vya mraba vya zamani, vyenye visu vilivyofungwa kwa boliti na kutokeza kama meno ya mamba, ukivikuta na mashine viuze chakavu. Nasema hivi nikiwa na kidole cha shahada cha kushoto kilichopungua kipande.

Kuhusu chuma cha kisu: paini na saipresi zinakubali visu vya kawaida vya chuma cha kasi (HSS). Kwa msaji na mvule chukua vya kabaidi. Msaji una silika ndani yake, na mvule huwa na mawe meupe magumu yaliyojificha kwenye mbao. Kisu cha kawaida kinakufa mchana mmoja.

Niendeshe kasi gani?

Kinachotakiwa ni kasi ya ncha ya kisu, na inafaa iwe kati ya mita 40 na 70 kwa sekunde. Chukua kipenyo cha kichwa kwa mita, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa mizunguko ya dakika, gawa kwa 60. Kichwa cha mm 125 kwa mizunguko 6,000 kinakupa mita 39, karibu kabisa na 40, ni sawa. Kile kikubwa cha mm 200 cha kupigia paneli za mlango, kwa 4,500 kinakupa 47. Ukisahau mkanda kwenye 9,000 kinafika 94, na hapo umesimama mbele ya bomu. Kila kichwa kina namba ya mizunguko ya juu kabisa imechongwa juu yake. Isome kila unapokibadilisha.

Kwa hiyo mashine unayonunua iwe na kasi tatu au nne, na ujaribu zote. Yenye kasi moja tu itakufunga.

Fida ni lazima? Muuzaji anaiuza kando.

Fida ni kile kichwa chenye magurudumu ya mpira kinachokaa juu ya meza na kuusukuma ubao. Kama fedha zinatosha mashine ya kati na fida, au mashine nzuri bila fida, chukua ya kati na fida. Kwanza mikono inakaa mbali. Pili, ubao unakwenda kwa mwendo mmoja, na usafi wa ua unatoka hapo. Chukua shafti ya mizunguko 6,000 na fida ya mita 9 kwa dakika: alama za kisu zinaachana mm 1.5, kazi ya vanishi. Sukuma mita 15 kwa dakika, zinaachana mm 2.5 na utakesha na msasa. (Nahesabu kisu kimoja hata kichwa kikiwa na viwili, kwa sababu kimoja huwa kinatokeza unywele zaidi na ndicho kinachoacha alama.)

Fida ya mtumba kagua gia zake kwa kusikiliza, na mpira wa magurudumu kama umekauka na kupasuka. Magurudumu mapya yanapatikana.

Kuhusu usalama, mashine ya zamani isiyo na breki na kinga niinunue?

Inunue kama utaviongeza, na uviongeze kabla ya oda ya kwanza. Sheria za Ulaya zinataka shafti isimame ndani ya sekunde 10 baada ya kuzimwa. Zangu za zamani zilikuwa zikizunguka zaidi ya dakika nzima, kimya, bila mtu kujua kuwa visu bado viko hai. Breki ya umeme inafungwa na fundi kwenye boksi la swichi bila kugusa mwili wa mashine.

Kidole changu kilikwenda hivi: kipande kifupi, kama sentimita 20, nilikishika kwa mkono badala ya kukifunga kwenye jigi (kishikizo cha kipande), kwa kuwa mteja alikuwa amesimama mlangoni anasubiri. Visu vilikirudisha kipande nyuma, na mkono ukaendelea mbele pale kilipokuwa. Vipande vifupi vipige maua kwenye ubao mrefu kwanza, kisha ukate. Lisha ubao ukikabili mzunguko wa visu, kamwe usiufuate.

Ukiwa na wafanyakazi, sheria ya usalama na afya kazini ya Tanzania ya mwaka 2003 inakutaka usajili karakana OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini. Kenya wana ya kwao ya 2007. Wakaguzi wakija, kinga ya spindo wanaitazama mapema.

Na vumbi?

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995. Mvule pia unawapa wengi mafua ya mzio na pumu. Mashine iwe na tundu la kuvutia vumbi nyuma ya fensi, kipenyo cha mm 100 au 120. Kwa bomba la mm 120, mashine yako ya kuvuta vumbi iweze angalau mita za ujazo 800 kwa saa, la sivyo maranda yatajaa kwenye fensi na kuubana ubao.

Naweza kununua kwa picha za WhatsApp tu?

Mtume mtu. Ukikosa kabisa, omba video isiyokatwa: kibati cha mota kwa karibu, geji ikisoma kwenye shafti, mashine ikiwashwa ikiwa ya baridi, ubao ukipita, kisha ikizimwa na saa ikihesabu mpaka isimame. Muuzaji wa kweli anaifanya ndani ya saa moja.

Nikiagiza mwenyewe kutoka Ulaya?

Mwambie wakala wa forodha atumie namba 8465.92, ndiyo ya mashine za kuranda na kupiga maua mbao, na akupe hesabu ya ushuru na tozo kwa maandishi kabla mzigo haujapanda meli. VAT Tanzania bara ni asilimia 18, Kenya 16. Uliza pia mapema kuhusu ukaguzi wa ubora kabla ya kusafirisha, wa mashirika ya viwango, TBS huku na KEBS kule; cheti kikikosekana mzigo umeshafika, faini na gharama za bandari zinakula faida yote. Mbao za kufungia mzigo ziwe na muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha mbao zilizotibiwa dhidi ya wadudu.

Kuibeba je?

Spindo ya kawaida ina kilo 300 hadi 600, molda ya pande nne ni tani kadhaa. Usiinyanyue kwa kufunga kamba kwenye shafti wala kwenye ncha ya meza. Kamba ipite chini ya mwili. Teremsha shafti yote chini, ifunge, na uisafirishe ikiwa imesimama. Hapo kwenye kushusha ndipo mashine nzuri nyingi hupinda, kwa hiyo lipia winchi. Vijana wanane na ubao wa mteremko wamezivunja nyingi.

Karatasi gani nidai?

Risiti ya EFD kama ni duka. Kama ni mtu binafsi, mkataba wenye namba ya mashine, picha ya kitambulisho chake na shahidi wa serikali ya mtaa. Mashine huibiwa, na ya wizi ikikutwa kwako utaipoteza pamoja na siku zako kituoni. Andikeni pia sentensi hii: "Imejaribiwa kwa ubao siku ya mauzo." Nimeiona ikiokoa watu wawili.

Nimeshanunua na iko karakana. Wiki ya kwanza nifanye nini?

Isawazishe kwa pimamaji kwenye sakafu ya zege na uifunge kwa boliti. Badilisha mkanda hata kama unaonekana mzima. Fundi umeme apime ukinzani wa mota na afunge swichi yenye kinga ya kupoteza njia moja, maana njia moja ikikatika mota inaendelea kuvuta kwa mbili mpaka inaungua. Hakikisha shafti inazunguka upande unaotakiwa. Waya mbili zikibadilishwa nafasi inageuka, na nati ya juu inaweza kufunguka yenyewe.

Kisha chukua ubao mrefu wa paini, funga kichwa chenye ua dogo, lisha taratibu, na usimame pembeni, siyo nyuma ya ubao. Ubao ukitoka, upeleke mlangoni kwenye mwanga unaopiga kwa upande na upitishe kiganja juu ya ua.